Dumu Lenye Kitambaa Chekundu

Kwako Baba,

Shikamoo. Kabla ya yote nauliza habari ya mgongo wako, maana katika barua yako uliutaja kwa mstari mmoja tu kisha ukauruka haraka, na mimi nakujua: jambo likikuuma sana ndivyo unavyolisema kwa ufupi. Natumaini wamekubadilishia lile godoro, na vumbi la mgodi limekuacha upumue. Sisi huku tu wazima. Goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi za hospitali, lakini bado anafua mashuka ya wodi nzima, na jioni anarudi akilalamikia kila kitu isipokuwa goti. Paka wako amezeeka. Mchana kutwa analala juu ya boneti ya gari lako, Babu Kikohozi, na nikitaka kuliwasha ni lazima nimwombe radhi kwanza.

Utashangaa nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu, Baba, wewe na mimi hatuna maneno. Unaniuliza kama nimekula, nami nakuuliza kama umekula, mtandao unakatika, ukirudi unasema haya, mpe Mama. Nina jambo ambalo siwezi kulisema huku nikisubiri kukatika.

Barua yako ilifika Jumanne. Mama aliisoma jikoni akiwa amesimama, kisha akanipa. Unasema mkataba wako wa kutunza jenereta za mgodi unakwisha mwisho wa mwezi ujao, kwamba wamekuomba utie saini miaka mitatu mingine, na kwamba unaelekea kukubali, kwa sababu urudi ufanye nini. Unasema pia tumwite mnunuzi wa vyuma chakavu, achukue pipa kubwa na vyombo vyote vya bandani ili banda ligeuzwe chumba. Hayo maneno, urudi ufanye nini, niliyabeba mpaka darasani. Niliandika mlinganyo ubaoni nikauacha nusu, wasichana wangu wakadhani nawapa jaribio.

Mnunuzi alikuja Alhamisi. Alilizunguka pipa, akaligonga kwa pete ya kidole, akalinusa, akasema hili lina harufu ya chipsi, akilibeba kwenye mkokoteni wake litamtia njaa mpaka afike. Nikamwambia haliuzwi. Akauliza basi nani amemwita. Nikamwambia ameitwa na mtu asiyejua kilichomo. Akaniuliza kilichomo, nikamfungulia koki kidogo juu ya kikombe cha bati. Alitazama ile rangi ya asali ikishuka, akaniuliza kama inanyweka. Nilicheka peke yangu, Baba. Wewe ungecheka zaidi.

Hiyo ndiyo habari ya kwanza: pipa lako lina dizeli. Nimekuwa nikiitengeneza tangu mwaka jana nilipoanza kufundisha, Jumamosi na Jumapili, na sikukwambia.

Mama Chipsi wa pale njia panda bado ananipa mafuta ya alizeti yaliyochoka ya kukaangia. Ananiita Mwalimu Masufuria, anasema nimesoma mpaka chuo kikuu nikarudi kuokota machicha yake. Mchinjaji Mfupa Mtupu ananiwekea shahamu ya ng'ombe kwenye ndoo na kuifunika kwa gazeti. Yeye hudai Babu Kikohozi ndilo gari pekee mtaani lenye wafuasi, maana likipita mbwa wote wanalifuata wakidhani wameitwa kula. Wote wawili hunituma nikusalimu, nami kila mara huwajibu kwamba nitakusalimu, kisha narudi nyumbani na salamu zao mkononi kama ndoo, nisijue niziweke wapi.

Mara ya kwanza nilivuruga. Nilikuwa na haraka, sikuyachemsha mafuta mpaka maji yaishe, na nilipotia ile kostiki, soda kali ya kutengenezea sabuni, iliyoyeyushwa kwenye spiriti, kila kitu kikashikana kikawa uji, kisha sabuni. Mama hakunicheka. Aliikata vipande kwa kisu cha mkate, akafulia mashuka yetu, tukalala wiki mbili tukinuka kama kibanda cha njia panda. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unainamia sufuria na kuinua kidole tunyamaze sote, hata redio izimwe, ili usikilize. Ulisema mafuta yenye maji hupiga kelele, na yakinyamaza yako tayari. Sasa mimi ndiye ninayeinua kidole. Mama anazima redio. Tunasikiliza wawili, na yakishanyamaza hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema.

Mambo mengine yote nayafanya kama ulivyonifundisha. Napima ukali wa mafuta kwa tone la maji ya bizari ya manjano, ingawa shuleni kuna dawa ya kisasa ya kupimia. Napenda kuona ile njano ikigeuka nyekundu. Shahamu naiyeyusha taratibu na kuichuja kwa kipande cha gauni la zamani la Mama. Nakoroga kwa kasia lako, natuliza pipa siku nzima, gliserini nzito inazama chini nyeusi kama kahawa, naitoa kwa koki. Naosha kwa maji ya vuguvugu mara tatu. Kijiko cha kupimia kostiki ni kilekile ulichonipa nikiwa na miaka tisa, ulipoanza kuniita kwa jina lake.

Na zile chupa ndogo za dawa ya kikohozi ulizotilia sampuli za dizeli bado ziko kwenye dirisha la banda, thelathini na nne, kila moja na karatasi yake ya tarehe na mchanganyiko kwa mwandiko wako. Sikuisogeza hata moja. Kabla ya kwenda shule huwa naenda kuzitazama. Asubuhi za baridi zile zenye shahamu nyingi huwa zimeganda, nyeupe kama mshumaa, na zile za alizeti hubaki wazi. Kisha jua linafika dirishani na zilizoganda zinaanza kuyeyuka moja moja, kutoka kushoto. Mara nyingi nachelewa gwaride kwa kungoja ya mwisho.

Wiki tatu zilizopita baridi ilishuka kuliko siku zote za mwaka huu. Nilikuwa nimetengeneza mchanganyiko wako uleule, sehemu tatu za alizeti na moja ya ng'ombe, kama ulivyouandika kwenye chupa ya thelathini. Niliweka chupa yake uani jioni na kipimajoto kando yake. Alfajiri kipimajoto kilionyesha nyuzi saba. Chupa ilikuwa wazi. Niliigeuza juu chini, ikatiririka.

Nikamsogeza paka, nikaingia kwenye Babu Kikohozi, likawaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja. Nikapita getini. Nikaenda mpaka kituo cha mabasi nikafika kabla ya saa kumi na mbili, nikaegesha pale panapouzwa magazeti. Basi lile ulilolikosa bado linaondoka saa ileile. Nililitazama likijaza watu, nikatazama mafundi wawili wakipakia masanduku yao ya vifaa, mmoja akimtania mwenzake kwamba sanduku lake ni zito kuliko akili yake. Basi likaondoka. Nikabaki nimeshika usukani na gari linanguruma vizuri kabisa, bila pa kwenda.

Sasa naandika lile lililonifanya nianze barua hii, na naomba uketi.

Unaikumbuka siku ile kama ninavyoikumbuka mimi. Ulikuwa umeitwa kwenye kiwanda cha maji ya chupa, mwendo wa saa nne tu kwa basi, kazi ya fundi mkuu, na ungerudi nyumbani kila mwisho wa juma. Sanduku lako lilikuwa tayari ndani ya gari. Baba Mkubwa alikuwa amekuja kukuaga. Alfajiri ile gari liliwaka, likafika getini, likakohoa mara mbili, likazima. Ulifungua filta ukakuta imeziba nyeupe. Ulichota kwa kidole, ukanusa, ukajifuta kwenye suruali yako mpya. Baba Mkubwa akacheka mpaka akashika ukuta, akasema injini hulishwa na kituo cha mafuta na binadamu hulishwa na kikaango, wewe miaka yote umezichanganya. Ulipopata pikipiki, basi lilikuwa limeshaondoka. Kule walikungoja mpaka adhuhuri, wakampa kazi mtu wa pili kwenye orodha. Saa tatu jua lilipolipiga gari likawaka lenyewe, na hapo ndipo niliona uso wako ukibadilika. Ulisema kumbe nimejidanganya miaka yote hii. Wiki hiyohiyo ukakubali mgodi, siku mbili za safari, likizo mara moja kwa mwaka. Pipa hukuligusa tena.

Baba, hukujidanganya. Alasiri ya kuamkia safari ulinituma nijaze tangi kwa dumu la mchanganyiko. Madumu mawili yalikuwa yamekaa bega kwa bega bandani. Moja la mchanganyiko wako. La pili la ng'ombe mtupu, ulilolifunga kitambaa chekundu kwenye mpini wake ili mtu asilitumie msimu wa baridi, maana wewe mwenyewe ulikuwa ukilitumia mchana wa jua tu. Nilikuwa kidato cha tano. Nilikuwa nimezitazama zile chupa za dirishani asubuhi nyingi. Nilijua ipi inaganda.

Nilikifungua kitambaa. Nikamimina dumu la ng'ombe lote kwenye tangi. Kisha nikakifunga kitambaa kwenye dumu la mchanganyiko, fundo lako lilelile la kuzungusha mara mbili, ili ukitazama usione tofauti. Sikukosea, Baba. Siku zote nimetamani ningekuwa nimekosea.

Nilitaka siku moja. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba ukikosa basi la leo utapanda la kesho, na kati ya hapo nitakuwa nimekaa nawe jioni moja zaidi bandani. Hukuwa umetuambia kwamba watakungoja mpaka adhuhuri tu. Nilipoelewa, ulikuwa umeshika ile filta, na Baba Mkubwa anacheka, na mdomo wangu haukufunguka. Nilikuzuia usiende karibu, nikakupeleka mbali. Ada za shule yangu zilitoka kwenye mgodi ule. Kila mtihani wa kemia niliofaulu, nilikuwa nafaulu juu ya jambo hilo. Naye Baba Mkubwa hakucheka mafuta yako siku ile. Alicheka kazi yangu.

Jumapili nilimwambia Mama. Alikuwa anapanga mashuka. Nilitegemea atapiga kelele, nilitaka apige kelele. Akaendelea kukunja mpaka pembe zikakutana, kisha akaniambia kwamba aliniona. Siku ile alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni na sufuria mkononi, akaona nikifungua kitambaa na kukifunga kwingine. Alidhani na yeye kwamba ni siku moja. Aliniambia alirudisha sufuria mekoni akasema moyoni, acha akae mpaka kesho. Miaka sita, Baba, tumekula meza moja kila mmoja akidhani ni siri yake peke yake.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kunigombeza, nataka unigombeze hapa uani, kwa sauti yako, hata majirani wasikie. Ila usitie saini kwa sababu ya filta ile. Ukitia saini kwa kuwa umeipenda kazi, au kwa kuwa umenikasirikia, nitanyamaza. Lakini usiseme urudi ufanye nini. Mchanganyiko wako unavuka nyuzi saba. Nimeupima mara tano, na karatasi ya vipimo nimeiweka humu, ili usinisadiki mimi usadiki kipimajoto. Jenereta ya shule inautumia tangu muhula uliopita, na mwalimu mkuu ananiuliza kila wiki nani alinifundisha. Namwambia fundi wangu yuko safarini.

Mama anakusalimu tena. Anasema nikuandikie kwamba upande wako wa kitanda bado analaza nguo zilizopigwa pasi, na kwamba amechoka kulala na nguo. Amesema niandike hivyohivyo, nisipambe. Mchinjaji na Mama Chipsi wanakusalimu. Wasalimie mafundi wenzako, hasa yule anayekukanda mgongo kwa mafuta ya dawa.

Ndani ya bahasha utakuta kile kitambaa chekundu. Kimepauka, na kinanuka kama banda. Bandani kuna madumu mawili yamejaa, moja la mchanganyiko na moja la ng'ombe, na nimeyaacha hivyohivyo, hayana alama. Kuyafunga kitambaa si kazi yangu tena. Njoo nacho.

Ni mimi mwanao,

Kijiko