Hata Kazi Yangu Wanaiita Yako

Mutua rafiki yangu,

Ulienda Machakos kumwona mama yako, mipaka ikafungwa, korona ikakukuta hukohuko. Nilikuzika kwenye simu, nimekaa jikoni huku ughaibuni, hapa Fairfield, picha ikikwama kila padre alipofungua kinywa. Nililia sana. Kisha nikapewa kazi yako ya kutunza seva, zile kompyuta kuu za wateja, na tangu hapo nakuonea wivu. Wewe, marehemu!

Ulipokuwa hai wivu ulikuwa kidogo. Sasa umezidi. Kila mkutano ni Mutua. Mutua angefanya hivi, Mutua hakuwahi kuangusha seva. Bosi wetu Greg akitaja jina lako hushusha sauti. Langu bado linamshinda kutamka.

Wiki iliyopita ilitangazwa kasoro mbaya, mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni katika seva zote za zile nyumba za wazee tunazozihudumia. Ilibidi tuweke apdeti ya kuiziba siku hiyohiyo. Lakini seva ikizima isiwake tena, nesi haoni nani anywe dawa gani. Unakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Chebet, anza na mpya, hazina maneno"? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilitaka tuanze na moja kuukuu, maana hiyo ndiyo itakayotuumbua, na heri ituumbue mapema ikiwa peke yake.

Safari hii nilianza na kuukuu, ile ya nyumba ya wazee ya Liverpool, mtaa wa jirani. Ikazima, ikagoma kuwaka. Nikasimamisha kila kitu, nikairudisha ilivyokuwa, nikahangaika mpaka nikajua kilichoikwamisha, ndipo nikaendelea na zilizobaki. Manesi wa Liverpool walisoma dawa kwenye karatasi kwa muda. Kwingine hawakujua lolote.

Kwenye mkutano wa video Greg akashusha pumzi. "Mutua alikufundisha vizuri."

Moto ukaniwaka kifuani. "Hapana," nikamwambia mbele ya timu nzima. "Mutua angeanza na mpya, zikubali, halafu za zamani zote zingelala pamoja. Hii ni akili yangu."

Nikazima kamera, nikalia, kwa sababu nimekusema na huwezi kujibu. Ungekuwepo ungenibishia mpaka jioni... Hata hilo nakuonea wivu, Mutua. Umenyamaza na bado unashinda.

Pumzika, ndugu yangu mkaidi. Mipaka ikifunguliwa nitafika Machakos, nikae na mama yako, nimweleze ulivyotuchekesha na ulivyoipenda kazi. Nitakusifu mpaka achoke. Lakini akiniuliza kama ni wewe uliyenifundisha, nitamwambia hapana, mama. Tulifundishana.

Chebet