Nilifika Juu Bhutan, Nyumbani Naitwa Mwoga

Bi Shaikha mpendwa, nnaomba unishauri, maana nimenyamaza mpaka kifua kinaniuma. Mimi ni mwalimu, nakaa Bawshar, hapa Muscat, na mume wangu Harub, mtu wa wizarani, mpole, mcheshi, sina la kumlalamikia ila hili moja. Mwaka jana tulikwenda Bhutan, ule ufalme wa Mabudha ulioko milimani, tukazunguka mabonde ya misonobari na mashamba ya mpunga, watu wakitukaribisha chai ya siagi na chumvi, nami nikistarehe kila siku, mpaka tulipopanda kwenda kuona nyumba ya watawa iliyojengwa ubavuni mwa jabali, ukiitazama kutoka chini utadhani imebandikwa. Njiani pakawa pembamba, ukuta wa mawe upande huu, korongo upande ule, na Harub akasimama ghafla, akaukumbatia mwamba, akaanza kutetemeka. Nikamshika mkono, akapiga kelele, "Usinguse, Nasriya, ntaanguka!" Kinley, mwenyeji aliyekuwa akituongoza, akamkalisha chini, akamwambia afumbe macho, na Harub, machozi yanamtoka, akanambia, "Nenda wewe. Mmoja wetu afike." Kinley akamteremsha polepole, mimi nikafuatana na wageni wengine, nikafika, nikavua viatu mlangoni, nikasimama kibarazani mawingu yakipita chini yangu. Wallahi sijapata kujihisi na nguvu vile.

Tuliporudi Muscat, kwenye chakula cha Ijumaa kwa mama mkwe, Harub akasimulia kwamba yeye ndiye aliyefika juu, na mimi ndiye niliyekumbatia mwamba nikilia. Wifi zangu wakacheka mpaka wakakohoa, nami nikacheka nao ili nimstahi mume wangu, na tangu hapo kila wakija wageni hadithi inazidi kunoga. Juzi shule ya binti yetu Ruba ikatangaza safari ya kupanda Jabal Akhdar, akakataa. Nikamuuliza kwa nini. "Mimi mwoga, mama. Nimekurithi wewe." Nikaingia jikoni nikafungulia maji nisisikike nikilia. Nikisema kweli namvunjia Harub heshima kwa ndugu zake, nikinyamaza namvunja mwanangu. Nifanye nini?

Nasriya, Bawshar

Nasriya mwanangu, pole, na hongera kwa kupanda. Sasa nikuseme. Ulipocheka Ijumaa ile ulidhani unamsitiri mumeo. Kumsitiri ni kutotangaza kwamba aliogopa. Nani alikulazimisha uuvae woga wake wewe? Umemzoesha.

Harub simwoni mtu mbaya. Mtu mbaya hamwambii mkewe "nenda wewe." Aliona haya, akatunga uongo wa kuchekesha, sasa hajui pa kuuweka.

Usimsute mbele za watu, wala usipitie kwa mama yake. Mngoje mkiwa wawili tu ndani ya gari, umwambie maneno ya Ruba kama alivyoyasema, kisha unyamaze. Usimdhihaki, usimkumbushe machozi. Ni baba, yatamchoma. Mtake amwambie Ruba kwa mdomo wake nani aliogopa na nani alifika. Ya ndugu zake atayatengeneza mwenyewe. Akikuzungusha mpaka Ijumaa, mwambie mtoto wewe, kwa utulivu, na hadithi ile ikianza tena kwenye chakula, sema, "Harub, siyo hivyo," halafu endelea kupakua wali.

Lakini safari ya mtoto haingojei haya ya mumeo. Kesho asubuhi piga simu shuleni, uwaambie wamwekee Ruba nafasi.