Mita Ilikuwa Nzima

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa nashuku kwamba ninachotafuta hasa ni mtu wa kuniunga mkono. Mimi ni mwandishi wa programu katika kituo cha kusafisha maji, na programu yangu, niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Lisp, hupima klorini kwa kuziita fanksheni, yaani vipande vya programu, za lugha ya C zilizokuja na mita, na ili lugha hizo mbili zielewane sharti niieleze Lisp, kwa mkono wangu, kila fanksheni inarejesha data ya aina gani, nami nikaandika kwamba kipimo ni namba ya desimali inayojaza baiti nne za kumbukumbu, kumbe hujaza nane, na Lisp ikaniamini, ikawa inasoma nusu tu ya namba. Nilijaribu kwa maji ya maabara yasiyo na klorini kabisa, kioo cha kompyuta kikaonyesha sifuri, nikaridhika. Sikufikiri kwamba nusu ya sifuri nayo ni sifuri.

Tulipopima maji yenye klorini, kioo kikatoa upuuzi. Mkuu wa kituo akauliza kulikoni, nikajibu, "Ni mita, mzee." Fundi wa mita, dada tunayemwita Bisibisi, akaifungua na kuifunga siku mbili, akaniambia, "Mdogo wangu, hii mita ni nzima kuliko mimi," nami nikanyamaza, maana nilikuwa nimekwisha kuliona kosa langu na kulisahihisha kimyakimya. Sasa, kwa kuwa vipimo vimekaa sawa ghafla, mkuu anadai Bisibisi alikuwa ameichezea mita, na Ijumaa anamwondoa maabara. Nikikiri, mkuu, ambaye kwa kuwa Lisp huandikwa kwa mabano mengi hunitania kila siku, "Binti, mabano yako hayo yatatufunga sote," ataniamuru niandike upya kila kitu kwa C. Lisp sitaiacha, kwayo nimekamilisha kwa mwezi mmoja kazi iliyowashinda walionitangulia. Hata hivyo, kompaila ya C, ile programu inayotafsiri msimbo kwa mashine, ingejisomea tangazo la fanksheni lililokuja na mita na kunizuia nisikosee, na hoja hiyo siwezi kuibomoa. Je, huu ni msimamo, au ni woga uliojipamba?

Mwenye Mabano

Mwenzangu Mwenye Mabano,

Pole, na acha kujizungusha. Umefunga maswali mawili kwa kamba moja ili la pili likuepushe na la kwanza. Dada wa watu anaondolewa maabara kwa sababu ya mstari ulioandika wewe. Nenda leo, kwake kwanza. Akikutukana, sikiliza mpaka amalize. Kisha ingieni kwa mkuu pamoja, useme: "Mita ilikuwa nzima. Nilitangaza aina isiyo sahihi, nikajua, nikanyamaza." Usiongeze "lakini".

Akishasikia hayo, ndipo umkatalie kuandika upya kwa C. Lisp haikumdanganya mtu. Uliyedanganya ni wewe, na adhabu yako si lazima ibebwe na programu inayofanya kazi. Ila usikatae mikono mitupu. Aina zote zichukuliwe na mashine moja kwa moja kutoka faili la matangazo lililokuja na mita, asiziandike mtu kwa kukumbuka, na jaribio lifanywe kwa maji ambayo Bisibisi ameyatia klorini na kuyapima kwa njia yake. Bila saini yake, programu isiwashwe.

Huenda mkuu akaitupa Lisp vilevile. Hoja ya kompaila inanitia shaka hata mimi. Akiitupa, bishana naye hadharani, kwa jina lako, mpaka mmoja wenu achoke. Lakini usibishane hata neno moja ukiwa umejificha nyuma ya mgongo wa Bisibisi.