Ufunguo wa Nyumba Iliyoliwa na Moto

Mujukuu wangu Furaha,

Nakusalimia huko Lubumbashi kwenye masomo. Sisi hapa Katoyi tunapumua. Mama yako amepona malaria, amerudi sokoni.

Umeniuliza kama wale wanaotaka kujenga makao kule Mars, eti dunia ikiharibika watu wasiishe, ni wazimu. Nikinusa moshi wa volkano asubuhi, mimi siwacheki.

Siku moto uliposhuka mulimani, nilikuwa na mimba ya mama yako. Nilifunga mulango na kufuli mbili juu ya kuogopa wezi, ndipo nikakimbilia Gisenyi, ngambo ya mupaka. Volkano haikupiga hodi. Nyumba ikageuka jiwe. Ufunguo ningali nao.

Dada yangu mukubwa alikuwa ameolewa Gisenyi zamani. Alinifungulia, maharagi yakiwa jikoni. Asingetangulia yeye, ningelala wapi?

Basi hao wa Mars waende sasa, mbele ya moto kushuka. Lakini roho yangu haitulii. Gisenyi tulifika na miguu. Kule nani atafika? Wewe unayesomea mashini, siku moja ukikutana nao, waambie hivi: mulango wa kule wasiufunge na kufuli. Sisi tutakuja tukikimbia.

Ni mimi, koko yako.