Atupele mbele ya kamati ya vileo

Vene weee, acha hata ugali uungue, unisikilize! Nimetoka na Atupele kwenye kamati ya leseni ya vileo sasa hivi.

Si unajua bosi wa baa ya Uyole alipeleka majina mawili ya meneja, la Atupele na la yule Matilda wa Iringa aliyempora bwana wake Sosthenes. Miaka yote ile ya kubeba kreti, leo ndo ilikuwa siku yake.

Kaingia kapendeza, kasauti ka kanisani, mimi nyuma kama shahidi wake. Mwenyekiti, mama mmoja mpole, akamuuliza, "Mwanangu, ni kweli Pasaka ulimpiga Matilda chupa mbele ya wateja?"

"Sikumpiga, mama. Nilimrushia, ikapita."

IKAPITA, Vene! Nikauma mtandio nisicheke.

Mama akasema mambo ya bwana ni ya nyumbani kwake, hayawahusu. Ila meneja ndiye anayeamua walevi wakigombana, sasa yeye wamwamini vipi?

"Kesho Matilda akiingia baani na huyo bwana, utafanyaje?"

Hapo si kashapewa nafasi ya kujiokoa! Namjua, akilini alikuwa anamwona Matilda na wigi lake jipya, kamwegemea Sosthenes, anaagiza nyama choma.

"Nitawahudumia."

Nikashusha pumzi.

"Huyo Matilda nitamhudumia supu. Ya moto. Kichwani."

Mama akamshukuru kwa kusema ukweli, akageukia mlangoni akaita, "Matilda!"