Kadi Haziongei

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu jambo hili, hata Mama: ninajifunza Kiingereza ili nimwaibishe Kinya. Si kwa ajili ya chuo. Baba anadhani ni kwa ajili ya chuo.

Leo tena dukani, Makutano. Baba alienda kuchukua mzigo, nikabaki na vipuri. Sikio moja la simu, sikio la pili la wateja. Mazungumzo ya kumi na nne kati ya arobaini niliyopakua: mwanamke wa Uingereza anarudisha birika dukani kwa sababu linavuja. Nimeyasikiliza mara sita. Namfuatisha, neno kwa neno, nikitazama rafu ya vichungi vya oili. Anaomba msamaha mara tatu, na kosa si lake. Dereva wa lori aliingia akanikuta naviomba vichungi msamaha. Nikajifanya nakohoa.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike kisa chote sasa, nisije nikakilainisha baadaye.

Kidato cha tatu, siku ya tuzo. Nilipewa kutoa shukrani kwa wageni. Kwa Kiingereza. Mama ni wa Gachoka, na nyumbani mimi na yeye huongea Kimbeere. Ulimi wangu ukiogopa hurudi kwa Mama. Nilishrabu, lafudhi ya nyumbani ikaingia kwenye kila neno. Kila b ilitanguliwa na m. Kinya alinirekodi kwa simu ya mamake. Likizo ilipofika akakata sekunde saba, akazifanya mlio wa simu yake. Hadi leo ndio mlio wake. Simu ikilia kwenye mazoezi ya kwaya, vijana wote wanaanguka kwa kicheko, naye ananiambia, "Wanja, pokea basi. Si ni wewe unaitwa?"

Tangu siku ile sijasema Kiingereza mbele ya mtu. Mtihani nilipita vizuri kwa sababu ulikuwa wa kuandika.

Namchukia. Nimeandika kwa wino.

Jumapili, 9 Machi

Tangazo kanisani. Nesi mstaafu kutoka Uingereza anakuja. Kutakuwa na kliniki ya bure Gachoka, siku tatu, kwenye uwanja wa kanisa la huko. Anatakiwa kijana wa kutafsiri. Pasta hakuwa amemaliza sentensi, Kinya amechaguliwa. Anaongea kwa pua. Wazee wanadhani hiyo pua ndiyo Uingereza.

Niliinua mkono nusu. Ukashuka wenyewe. Nimepewa kuandika kadi za wagonjwa.

Kinya aliuona ule mkono. Tukitoka akaniinamia. "Usijali, mrembo. Mwandiko wako ni msafi. Na kadi haziongei."

Sawa.

Ijumaa, 14 Machi

Mazungumzo ya ishirini na saba hadi thelathini. Kwa kinyozi. Majirani wawili na pipa la taka. Kituo cha basi. Kwa daktari.

Nimegundua kitu ambacho shuleni hatukuambiwa. Waingereza wenyewe hawasikizani. Kila baada ya muda mfupi mmoja anamwambia mwenzake: samahani, sikukupata, sema tena. Mwenzake anasema tena. Hakuna anayekasirika. Sisi shuleni, ukimwomba mwalimu arudie, darasa zima linageuka kukutazama. Kwa hivyo tulijifunza kutikisa kichwa.

Hiyo sentensi moja nimeifanyia mazoezi kuliko zote. Mara hamsini leo. Vichungi havikurudia chochote.

Kinya hataomba kurudiwa. Namjua. Atatikisa kichwa. Ninangoja.

Jumanne, 18 Machi

Gachoka. Nalala kwa tata, dada ya Mama. Joto na vumbi jekundu. Nesi amefika, anaitwa Bi. Helen. Anameza nusu ya kila neno. Si kama yule wa birika kabisa. Kati ya maneno kumi nilishika labda sita. Nilikuwa namtazama Kinya usoni. Hata matatu hakushika. Alicheka kila Bi. Helen alipovuta pumzi.

Nilifurahi.

Jumatano, 19 Machi

Chini ya turubai, meza moja. Bi. Helen, Kinya kando yake, mimi mwisho wa meza na kadi. Daktari wetu anapima chumbani. Mgonjwa anatoka na karatasi, Bi. Helen anatoa dawa na kueleza, Kinya anatafsiri.

Wa kwanza, mzee wa goti. Aliambiwa bandeji asiikaze, aifungue akilala, mguu aweke juu ya mto. Kinya akatikisa kichwa. "Mzee, anasema upumzike, na ukunywe maji mengi." Wa pili, mama wa kikohozi. Maji mengi. Wa tatu, mtoto wa macho. Aoshwe, na maji mengi. Kufikia saa nne nusu ya Gachoka ilikuwa imeamriwa kunywa maji, na huku maji yananunuliwa kwa mtungi.

Mimi nilikuwa naandika. Ukurasa wa mwisho wa daftari la kadi. Nambari, saa, alichosema Bi. Helen, alichosema Kinya. Makosa niliyapigia mstari kama mwalimu. Jumapili ningeupeleka kwa Pasta, usomwe mbele ya kamati, Kinya akiwa ameketi hapo. Niliwaza atavaa nini.

Kadi ya kumi na mbili. Cucu Ciarunji, bibi mzee wa presha. Vidonge vyake vya zamani alikuwa amevifunga kwenye leso. Bi. Helen akavishika, akasema kwa mwendo wake ule ule wa kumeza: hivi usitumie tena, hata kimoja, dawa hii mpya inachukua nafasi yake. Nilisikia kila neno. Ni mara ya kwanza nimemsikia Mwingereza aliye mbele yangu bila kupoteza hata moja.

Kinya akasema, "Cucu, endelea na zako, na uongeze hizi, na maji mengi."

Bi. Helen akatabasamu. Cucu akashukuru kwa mikono yote miwili, akazifunga zote kwenye leso moja.

Niliandika. Nikapiga mistari miwili. Hili ndilo litakalommaliza, nilijiambia. Cucu akaondoka na fimbo yake. Nikaita kadi ya kumi na tatu.

Hadi jioni makosa kumi na tisa. Tata alipika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Niliirudisha sahani ikiwa imejaa.

Alhamisi, 20 Machi

Sikungoja chai. Kijiji kilikuwa kwenye kadi. Nusu saa kwa miguu.

Cucu Ciarunji alikuwa ameketi chini mlangoni, ameegemea mwimo. Alikuwa amemeza za zamani na mpya pamoja, jana jioni na leo alfajiri. Aliposimama dunia ilimzunguka, akaanguka. Kiwiko kimechubuka. Aliponiona akasema, "Ni wewe wa kadi. Hata yale maji nilikunywa, mwari wakwa." Aliniita binti yake.

Pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika. Bi. Helen alikuwa anafungua masanduku. Kinya hajafika. Daktari hajafika. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusema.

Nikasema. Kiingereza kilitoka kibaya, kila b na m yake. Akaelewa. Akaniuliza kitu, sikukipata. Nikatoa ile sentensi. Akarudia. Sikukipata. Nikaitoa tena. Mara nne. Hakucheka. Alinishika kifundo cha mkono, akasema polepole: amemeza vingapi, saa ngapi, ameangukia kichwa? Nikamuuliza Cucu kwa Kimbeere, nikamjibu kwa Kiingereza, nikamuuliza, nikamjibu. Tukamlaza, miguu juu. Daktari alipofika alimpima kila robo saa.

Kinya alifika saa mbili na nusu, nywele zimechanwa vizuri. Bi. Helen akauliza mbele ya wote: ni nani aliyemwambia huyu mama ameze zote?

Jibu langu ndiyo sentensi ya Kiingereza iliyonyooka kuliko zote nilizowahi kusema. Ni Kinya. Cucu mwenyewe ameniambia.

Kinya alilia hadi kamasi zikamtoka. Akawekwa kwenye kadi, mimi nikawekwa kwenye kiti chake. Kilikuwa bado baridi. Niliona raha. Naandika ilivyokuwa: raha.

Saa nane Cucu aliweza kuketi. Saa kumi alienda nyumbani, na dawa mpya peke yake.

Na ule ukurasa sikumwonyesha mtu. Niliutoa mara mbili nikaurudisha. Kila mstari wa Kinya una saa pembeni, na saa ni mwandiko wangu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimewatafuta wote waliobaki wa ule ukurasa, kumi na wanane. Wengine kwa simu, wengine kwa miguu wakati wa chakula cha mchana. Niliwaambia ni kawaida, nesi anataka kuwakumbusha. Mzee wa goti mguu ulikuwa umevimba chini ya bandeji. Alikuwa ameikaza mchana na usiku. Mtoto wa macho hakuwa amepewa tone hata moja, mamake alidhani chupa ni ya kunywa akaogopa. Wengine hawakudhurika. Walichoka na maji tu.

Tukikunja turubai Kinya alinijia. Hakuongea kwa pua.

"Wanja, si jana uliambiwa na Cucu?"

"Ndio."

"Lakini Jumatano ulikuwa umekaa hapo tu. Karibu yangu. Haukusikia?"

"Nilikuwa naandika kadi."

Alinitazama. Nami nikamtazama. Mwishowe ni yeye aliyeshusha macho, akashika upande wake wa turubai.

Bado namchukia. Nilidhani ingepungua.

Jumapili, 23 Machi

Mvua kidogo asubuhi. Pasta aliniita mbele. Alisema Mungu huinua wanyonge. Watu walipiga makofi, Mama alilia, Baba akasimama ingawa hakuna aliyesimama. Bi. Helen ameacha barua ya kunipendekeza popote nitakapoomba kazi au chuo. Ameandika kwamba ninasikiliza vizuri.

Kinya alikuja, akaketi benchi ya nyuma, hakupanda kwaya. Vijana wamempa jina. Langoni walimwita: "Maji Mengi, njoo utafsiri." Ndivyo nilivyotaka tangu kidato cha tatu. Nilipita. Sikucheka, sikuwakataza.

Tata amepiga simu. Cucu Ciarunji anatembea, amechuma kunde. Anaulizia yule msichana aliyemwokoa.

Ule ukurasa nimeukata kwenye daftari la kadi, nikaubandika hapa, nyuma ya maneno haya. Ya Cucu ni saa tano kasorobo. Kutoka saa hiyo hadi nilipofika kwake ni usiku mzima na zaidi. Kinya alikosea kwa sababu hakusikia. Mimi nilisikia.

Hakuna mwingine anayejua, ni wewe tu, daftari. Nakuomba, ubaki na siri hii.