Tundu kwenye Shingo ya Nchi

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu amenipangia adui. Ndiyo desturi ya ofisi yetu: matokeo hayatoki mlangoni mpaka mwenzako mmoja apewe kazi ya kuyapinga. Tena kwa bidii — ukimwonea mwenzako huruma unaitwa ndani kuulizwa una nini. Na wangu ni nani? Nukta! Kati ya watu wote! Tunamwita hivyo kwa sababu kwake hakuna "pale" wala "karibu na". Lazima akuulize nukta gani hasa. Juzi mfagizi alimwambia chai imemwagika, akauliza nukta gani.

Ijumaa ya wiki ijayo nasimama mbele ya wageni wa vyuo vingine. Kazi ikikubaliwa, inaingia kwenye ripoti ya pamoja. Ikikataliwa, miaka yangu yote hapa imekwenda na maji.

Mama kanipokea na swali lake la kila siku: bahari zako zimeshindaje? Nikamwambia zimepewa adui. Akasema afadhali, angalau sasa kuna mwingine wa kuzisikiliza.

Jumanne, 4 Machi

Nukta kataka nimweleze kazi yote upya, kama vile hajakaa meza ya jirani muda wote huu. Nikameza mate, nikaanza. Atlantiki tunaishika: ndani ya modeli, ile dunia ya hesabu kwenye kompyuta, tunailazimisha iwe na joto lilelile lililopimwa na meli na maboya, mwaka hadi mwaka. Pasifiki tunaiachia huru. Halafu tunatazama. Na Atlantiki inapokaa na joto kwa miaka mingi, pepo za Pasifiki zinaongeza nguvu, na maji yake ya upande wa mashariki yanapoa. Bara zima limekaa katikati! Habari inapita hewani — hewa ya moto inapanda huku, inakwenda kushuka kule. Basi. Hilo ndilo ninalolijua mimi duniani.

Akauliza, una hakika uliiachia huru? Nina hakika. Nukta zote? Zote!

Nilipandisha sauti. Najuta. Kidogo tu.

Jumatano, 5 Machi

Nukta kashinda ameinamia kompyuta yake. Ananifungulia mlango, ananiachia kiti. Adui akianza kukuheshimu, ujue umekwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Amelipata.

Aliniita kwenye kompyuta yake, akaikuza ramani mpaka miraba ikawa kama vigae vya sakafu. Pale kwenye shingo ya nchi, kile kipande chembamba cha nchi kavu kinachozitenga bahari mbili — hakipo, ni tundu la maji! Ramani ya ofisi ilipopanuliwa miraba ili kompyuta isielemewe, ile nchi nyembamba ikamezwa. Programu iliyokuwa ikiijaza Atlantiki vipimo ikaona maji, ikapita. Hata miraba kadhaa ya Pasifiki ikaijazia joto lake halisi lililopimwa. Kwa hiyo Pasifiki yangu haikuwa huru hata siku moja. Nimempa mtahiniwa majibu dirishani, halafu nimekaa nashangaa kwa nini amefaulu!

Nukta anadai nilisema asante. Mimi nakumbuka choo tu, na bomba nililolifungua ili wasisikie nikilia.

Nilipotoka, yeye ndiye kapika chai. Kinyume cha desturi — aliyekosolewa ndiye apikaye! Akasema leo nimesamehewa, ramani ni ya ofisi. Yeye bahati yake: kazi yake kubwa, ile iliyokwisha chapishwa, alitumia ramani ya zamani. Tukaliziba tundu pamoja, mraba kwa mraba, kisha tukaiweka modeli kwenye foleni ya kompyuta kuu.

Mama leo hakuuliza bahari. Kanitazama usoni, akasema, njoo ule kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Foleni. Wenzetu wanaochunguza mvua wako mbele yetu, na hawana haraka.

Mkuu kasema kama dalili ya Pasifiki kuijibu Atlantiki imepotea, tutasimama tuseme imepotea. Rahisi kwake. Nimejaribu kuandika maneno ya siku ya wageni kwa namna mbili: imebaki, imepotea. Hiyo ya pili imegoma kabisa kuandikika. Naogopa.

Jumapili, 9 Machi

Mama kanishika nikikunja shuka lilelile lililokwisha kunjwa. Nikamwambia Pasifiki ikikaa kimya, mimi sina kazi. Akasema: mwanangu, kama hawasemezani hawasemezani, wewe si mshenga wao! Nilicheka mpaka nikakaa kitandani. Mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jumanne, 11 Machi

Umo! Umo! Umo!

Mstari wa dalili kwenye mchoro umepungua, sitaki kujidanganya. Si mrefu kama ule wa mwanzo. Lakini umo! Tundu limezibwa, Pasifiki iko huru kwelikweli, na bado: Atlantiki inapata joto, miaka michache inapita, pepo za Pasifiki zinaamka. Tuliianzisha modeli mara nyingi, kila mara hali ya mwanzo tofauti kidogo, na karibu zote zinakwenda upande mmoja. Nilishika ukingo wa meza. Jamani, raha ya kutua mzigo!

Nukta akatazama muda mrefu, akauliza nukta mbili tatu, nikamjibu. Kisha akasema, sasa naiamini. Huyu mtu! Na ningefika mbele ya wageni na lile tundu, je?

Chai nimepika mimi, sukari nikazidisha. Hakuna aliyelalamika.

Nikampigia mama: wanasemezana! Akauliza: wanasemaje? Nikaanza na pepo na hewa ya moto. Akasema, haya, wasalimie.

Ijumaa, 14 Machi

Imepita! Inaingia kwenye ripoti. Tundu nililionyesha mwenyewe, kabla na baada, kabla hajauliza mtu. Mgeni mmoja, bibi wa miwani minene, akasema angependa kwenda kuangalia ramani za kwao. Ukumbi ukacheka, yeye hakucheka.

Nimelala kwenye kochi na viatu. Mama kanivua, sikusikia.

Jumatatu, 17 Machi

Sasa zamu imegeuka. Nukta ana kazi mpya, na kamwomba Mkuu mimi ndiye niwe adui wake. Kasema mbele ya wote: nataka huyu, ameshaungua. Nikaona fahari, nikaificha.

Kazi yake ni kinyume cha yangu. Anaishika Pasifiki, anaiachia Atlantiki, aone nayo inajibu nini. Maana wanajibizana, hilo sote tunalishuku — aliyeanza ni nani ndiyo kesi. Kazi mpya yote imesimama juu ya ile ya zamani iliyochapishwa. Ile inayofundishwa vyuoni. Asubuhi ananiambia, huko nyuma usipoteze muda, ramani ni ya zamani, ni salama.

Ningemsikiliza. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kuuliza nukta zote.

Nimeifungua sasa hivi. Ramani ya zamani ndiyo hii hii yetu, ilibadilishwa jina tu. Nimeikuza. Nimefuta kioo kwa kidole, labda ni uchafu. Si uchafu. Tundu liko palepale kwenye shingo ya nchi, wazi, maji matupu.

Nyani haoni kundule — nilitaka kucheka, kicheko hakikuja. Nafikiria lile bomba la chooni. Lakini dalili yangu ilibaki! Ilipungua, ikabaki. Hilo nitamwambia kwanza. Au la, kwanza nimwambie tundu, yeye hapendi kuzungushwa. Jedwali la miraba tuliyozibia tundu langu bado ninalo. Foleni leo ni fupi, nimeangalia.

Namsikia jikoni akipiga mluzi. Vijiko. Kapika chai kabla hata sijasema kitu, na vikombe ni viwili. Anakuja. Anaita tokea mlangoni, kwa furaha kabisa, nimefikia nukta gani?